Zabibu za Chini ya Kreti

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwachapa watoto kwa kunakili majibu ya wenzao. Miaka hiyo hiyo, katika shamba langu la ekari moja hapa Mkonze, nilitenda kosa kubwa kuliko lao.

Sisi wa huku tunaishi na mizabibu. Wamisionari waliipanda Bihawana, kwa jirani zetu, nayo ikaenea katika mashamba ya watu. Hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka mmoja bei ilikuwa mbaya, na mnunuzi alikuja na mizani inayopunja. Kila mkulima alijua, lakini hakuna aliyesema, kwa kuwa zabibu ikishaiva haingoji. Basi nilipopanga kreti nikaweka vichala vichanga chini, juu nikafunika kwa vyeusi vilivyoiva. Nikajiambia: yeye ananiibia kwa mizani, nami ninajilipa kwa zabibu. Usiku ule nililala usingizi mzuri, na usingizi huo ndio unaonitisha hadi leo.

Aprili 2016, nikiwa nimekwisha kustaafu, binti yangu anayefanya kazi Italia alinipeleka Verona kwenye maonyesho ya mvinyo yaitwayo Vinitaly. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1967, na safari hiyo yalikuwa yanafanyika kwa mara ya 50. Ni ya watu wa biashara hiyo, hivyo niliandikishwa kama mkulima wa zabibu. Waonyeshaji walizidi 4,000. Msomaji aliyezoea Nane Nane ya Nzuguni atapata picha akiwaza kumbi baada ya kumbi, na kila meza ina chupa.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kutema. Watu wazima, wamevaa suti, wanaonja mvinyo mzuri kisha wanautema ndani ya chombo! Mimi nimelelewa katika nchi ya njaa, ambako kumwaga chakula ni kufuru. Binti yangu akanieleza: "Baba, wanaonja aina nyingi kwa siku. Wakimeza watalewa, na mlevi hawezi kuhukumu." Hapo nikaelewa, maana nami nimesahihisha mitihani. Anayesahihisha hasomi kwa kujifurahisha.

Kwenye meza moja tulimkuta mzee kutoka Piemonte, mkulima kama mimi. Aliniuliza kuhusu udongo wetu, mwinuko wetu, na mwezi wa kuvuna. Niliposema tunavuna mara mbili, alicheka na kumwomba binti yangu atafsiri upya. Kisha akauliza: "Na wanaokunywa mvinyo wa zabibu zako ni nani?" Sikuwa na jibu. Kwangu mimi safari ya zabibu iliishia kwenye mizani.

Ndipo akanisimulia habari za mwaka 1986. Watengenezaji fulani nchini kwake walitia methanoli, ambayo ni pombe yenye sumu, katika mvinyo wa bei nafuu ili kuuongezea ukali. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Wateja wa nchi za nje wakakimbia, na hata wakulima ambao hawakutia kitu wakaona aibu kutaja kazi yao.

Zabibu mbichi haiui mtu, na sitaki kujifananisha na wale. Lakini hesabu yangu ilikuwa na kasoro ile ile. Nilihesabu watu wawili, mimi na mnunuzi, nikasema tumelipana. Mtu wa tatu, yule atakayenunua chupa kwa fedha ya jasho lake, sikumhesabu. Yeye hakunipunja hata gramu moja. Kwa haki gani nilimdai deni la mwingine?

Msomaji ataniuliza: je, maskini anayepunjwa akae kimya? Hasha. Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipoanzia. Nilikuwa mwalimu mkuu. Nilijua kuandika barua, na nikisimama mkutanoni watu walinisikiliza. Ningeweza kuikataa mizani ile hadharani. Nikachagua vichala vichanga kwa sababu kudanganya gizani ni rahisi kuliko kugombana mchana. Nilichokiita kulipiza kilikuwa woga.

Niliporudi niliyasema haya mbele ya majirani. Wengine walicheka. Bibi mmoja akasema, "Mwalimu, sote tuliweka."

Msimu uliofuata tulikubaliana mambo mawili. Mnunuzi alipofika, tulimwomba kwanza aweke juu ya mizani mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mizani ikasoma 46. Akasema imechoka, akairekebisha mbele yetu. Kisha nasi tukazimwaga kreti zetu juu ya turubai, moja moja, aone za chini.

Bei hakuongeza. Kwa kuwa vichala vichanga tuliviacha shambani, baadhi yetu tulipata fedha pungufu kuliko tulivyozoea, na mke wangu alinikumbusha hilo mara kadhaa. Sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba safari hii, kama kuna mtu Dar es Salaam anayefungua chupa yenye zabibu zetu, sina haja ya kujificha asinione.