Kurudia Kupanda Tungule: Je, Ndiyo Tawakkul?



Alinijia mkulima mmoja ambaye tungule zake zote zilinyauka majani yakiwa bado mabichi, na deni la mbegu na mbolea hajalilipa. Akaniuliza: “Sheikh, nikiacha kupanda tena, si nitakuwa nimekata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu? Na nikipanda, si ndiyo tawakkul?”

Suali hili ni la wengi, basi na tulitazame.

Kwanza, maradhi na yajulikane. Kata kipande cha shina lililonyauka, utumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi. Ukiona baada ya dakika chache zinateremka kama nyuzi nyeupe za maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake hukaa mchangani miaka, na mche uliokwisha kushikwa hauponi. Kupanda hapo tena tungule, au jamaa zake, yaani mabiringani, pilipili na mbatata, ni kuyalisha maradhi.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akapata khabari ya tauni ya Amwas, karibu na mwaka 18 Hijria, aliazimia kurejea. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza vipi aikimbie Kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kuwa aikimbia Kadari kwenda kwenye Kadari. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa Kadari.

Tazama basi. Hakuikanusha Kadari, wala hakuingia katika tauni ili aonyeshe imani yake.

Nawe panda mahindi katika shamba hilo, ung'oe na mnavu, kwani nao huyahifadhi maradhi. Tungule zitafutie ardhi iliyo safi na miche iliyo safi. Huko si kukata tamaa. Ni kulisha upande wenye majani. Ama kukopa tena na kuzika mali ya watu pale unapojua kuwa pana maradhi, hiyo si tawakkul, bali ni kuichezea haki ya mwenzio.

Tena mkumbuke jirani. Maradhi haya hwenda kwa maji, kwa jembe na kwa mchanga wa miguuni. Osha jembe lako, wala usiuze wala usitoe sadaka miche ya shamba hilo. Ukikhiari kujitia hasarani, jirani yako hakukhiari.

Mkulima yule aliniuliza juu ya imani yake. Jawabu yake imo katika gilasi ya maji: atazame kwanza, kisha apande, kisha ategemee.

Wallahu aalam.