Bega Zima Likatwe kwa Ajili ya Shingo?



Dada mmoja wa kwaya yetu aliungua na jiko la mafuta ya taa akiwa mtoto. Kovu limekivuta kidevu chake kuelekea kifuani. Sasa madaktari wanataka kukata kipande cha ngozi ya begani na kukigeuza mpaka shingoni, kikiwa bado kimeshikamana na mshipa wake wa damu. Akaniuliza: "Frateri, bega langu ni zima, moto haukulifikia. Nikikubali likatwe ili nipendeze, si ni kiburi?"

Nikajibu haraka haraka, "Hapana, si dhambi," tukaachana. Usiku swali likanirudia. Eti nimesoma falsafa, na sikuwa nimemsikiliza.

Mt. Thoma wa Akwino anakubali kiungo kilichooza kikatwe ili mwili wote upone, kwa sababu sehemu ipo kwa ajili ya mwili wote. Kiungo kizima je? Hicho hakubali kikatwe. Basi bega limepata wakili! Ila tazama kinachofanyika hasa. Kipande kinene cha ngozi ukikitenga kabisa na damu yake, kinakufa. Ndiyo maana hakitengwi. Kinahama na mshipa wake, na damu ileile iliyokilisha begani inaendelea kukilisha shingoni. Bega litabaki na kovu, kweli, lakini hakuna kilichotupwa. Aliyetoa ni yeye, na aliyepokea ni yeye.

Huko Bologna, Italia, karne ya 16, daktari Gaspare Tagliacozzi aliwatengenezea pua watu waliopoteza zao, wengine kwa upanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1597. Alichukua ngozi ya mkono, akaishona usoni bila kuitenga na mkono, kisha akaufunga mkono kichwani karibu wiki 3, mpaka uso wenyewe uanze kuilisha ile ngozi. Ndipo akaikata mkononi. Hebu fikiria kula na kulala hivyo! Mwenye kiburi angevumilia? (Kusema kweli, kiburi nacho huvumilia mengi.)

Kwa hiyo bado kuna suala la kupendeza. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 kabla ya kufariki, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa upasuaji wa aina hii. Uzuri wa mwili aliuona kuwa jambo jema, ingawa si jema la juu kabisa, na akataka nia ipimwe.

Nikarudi kwa dada, safari hii kuuliza. Unataka nini? "Niinue kichwa nikipokea Komunyo, padre asiiname. Na nipite sokoni bila kukodolewa macho."

Zamani ningelisifu la kwanza na kulisamehe la pili. Siku hizi sioni kwa nini la pili linahitaji msamaha. Binadamu hukutana kwa nyuso, na yeye kwa miaka mingi amekutana na viatu vya watu.

Upasuaji ni mwezi ujao. Ameniomba nimtafutie wa kushika nafasi yake kwenye sauti ya kwanza.