Zaka ya Kaa

Mpwa wangu hunenepesha kaa Dabaso, Mida Creek, na kuwauzia mahoteli ya Watamu. Majuzi alinitumia zaka kwa M-Pesa: "Mjomba, nitolee hapo Keumbu." Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista Wasabato hapo Keumbu, Kisii. Tangu misheni ya Nyanchwa ianze, miaka ya 1910, Wakisii tumefundishwa Walawi 11: cha majini kisicho na mapezi na magamba ni najisi. Mzee mwenzangu akaikataa fedha ile kwa Kumbukumbu la Torati 23:18, panapokatazwa ujira wa kahaba kuingia nyumbani mwa Bwana.

Nikamfungulia 14:21 ya kitabu hicho hicho. Mwisraeli hali nyamafu, lakini ruhusa anayo ya kumwuzia mgeni. Basi unajisi huo ni mpaka wa meza yangu. Haumlaani mnyama wala anayemla.

"Na tumbaku je?" akauliza. "Mbona tunamkataza muumini kuilima?"

Swali zuri, lakini tumbaku humuua mvutaji. Kaa amelisha watu wa pwani vizazi na vizazi.

Tena nimemwona kaa koko kwenye video ya mpwa wangu. Jike akikaribia kujivua gamba, dume humkumbatia chini ya kifua chake, akatembea naye siku kadhaa. Gamba hupasuka nyuma, jike akatoka kinyumenyume, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hata utando wa tumbo huachwa kwenye gamba kuukuu. Kaa hawa hulana, na aliyelainika ndiye windo rahisi. Lakini dume yule, mwenye gando la kuvunja konokono, hupandana naye kisha akamlinda mpaka akakamae. Baadaye jike hupiga kasia kwa miguu ya nyuma iliyo bapa, akaiacha mikoko na kwenda bahari kuu kutaga mayai kwa mamilioni. Mungu alipomjibu Ayubu alijivunia punda-mwitu na mbuni, wasiomtumikia mtu. Sioni kwa nini kaa asiwe miongoni mwao.

Zaka nimeitia kwenye bahasha. Mpwa wangu nilimpigia kwa jambo jingine: kaa wa kunenepesha huokotwa mikokoni, nao wadogo hawajawahi kutaga. Nilitaka kujua anawachukua wakiwa wakubwa kiasi gani. Hilo Walawi haikuligusa, na ndilo ningemtenga kanisani kwalo.