Mutoto arudi kwa baba yake: musimamo wetu juu ya watoto wanaoitwa walozi

Somo: Luka 9, mistari 37 hata 43



Mwezi huu tunaleta mbele yenu neno gumu. Wengine kati yetu hawatalifurahia, maana linagusa watu tunaowapenda, tena linagusa karama za Roho ambazo kanisa letu linaziheshimu. Lakini kunyamaza nako ni kujibu. Neno lenyewe ni hili: katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Mbuji-Mayi hata Kinshasa, watoto wanashitakiwa ulozi, na mara nyingi mahali wanaposhitakiwa ni ndani ya nyumba ya maombi. Wanaitwa ndoki, wanafukuzwa katika lupango ya wazazi wao, wanalala sokoni na kwenye vituo vya magari. Kisha sisi wenyewe tunapita karibu nao na kuwaita shege, kana kwamba walizaliwa na barabara.

Watu wanatuuliza: Kanisa la manabii linasema nini? Leo tunajibu.

Tuanze na Neno

Mumesoma katika Luka namna Bwana alivyoshuka mulimani, na mutu mumoja akalia katikati ya watu, akimuombea mwana wake wa pekee. Pepo alikuwa akimushika mutoto yule, akimuangusha na kumutoa povu. Wanafunzi walikuwa wamejaribu, wakashindwa.

Angalieni mambo matatu. La kwanza: Yesu hakumushitaki mutoto. Pepo alimuita pepo, na mutoto alibaki mutoto. La pili, Marko anatuonyesha katika sura ya 9 kwamba Bwana alimuuliza baba tangu wakati gani mambo hayo yalianza. Aliuliza kwa huruma, kama munganga mwema anavyouliza mbele ya mugonjwa. Hakumuuliza mutoto, "Umekula nani? Ulipewa na nani? Unaruka usiku pamoja na nani?" La tatu, na hili ndilo neno kubwa la leo: alipokwisha kumuponya, alimurudisha kwa baba yake. Kazi iliisha mutoto alipokuwa tena mukononi mwa muzazi wake.

Hapa tumepata kipimo. Unabii ukikufikia juu ya mutoto, uulize: unamurudisha nyumbani, ao unamutoa nyumbani? Ikiwa mwisho wake ni mutoto kulala inje, basi haukutoka kwa Yule aliyeshuka mulimani siku ile.

Mambo haya yalitoka wapi

Wengine wanasema, "Hiyo ni desturi ya wazee wetu." Si kweli kabisa. Wazee wetu walipomushuku mutu, kwa kawaida walimushuku mutu muzima, na zaidi muzee aliyebaki peke yake. Hilo nalo lilikuwa zambi, na vikongwe wengi wanateswa hata leo. Lakini kumuonyesha kidole mutoto wa miaka sita katika muji, hilo lilienea sana tangu miaka ya 1990.

Kumbukeni miaka ile. Septemba 1991, halafu Januari 1993, miji yetu iliporwa. Kampuni kubwa zilianguka, mishahara ikakatika, baba aliyekuwa akirudi na mufuko wa unga akarudi na mikono mitupu. Katika 1992 na 1993 jirani alifukuza jirani hapa Katanga, familia zikapanda gari la moshi bila kujua mwisho wa safari. Vita ikaja 1996, ikarudi 1998. Ukimwi ukaua baba na mama, watoto wakagawanywa kwa wajomba na mashangazi ambao wao wenyewe walikuwa na njaa.

Ndipo katika nyumba kukawa na swali: "Ni nani anatufunga?" Na jibu likatafutwa pale pasipo na mutu wa kujitetea. Angalieni ni nani wanaoshitakiwa: yatima, mutoto wa mume aliyekutwa na mama wa kambo, mutoto anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, mwenye kilema, mwenye akili nyingi kupita wenzake, anayekula sana, asiyesema. Kama ulozi ungekuwa unawachagua watu kama mvua inavyoanguka, mbona unawaangukia sikuzote wale wasio na mutetezi?

Ushuhuda wa mwenye kuandika

Mimi ninayeandika maneno haya sina mikono safi. Miaka mingi iliyopita, katika parokia niliyoichunga, familia moja ilizika mutoto mudogo. Katika nyumba hiyo mulikuwa kijana wa karibu miaka minane, mwana wa mume kwa muke wa kwanza. Alikuwa akikojoa kitandani. Siku ya maombi muonaji mumoja akasimama na kusema kwamba kijana yule ndiye aliyefunga nyumba. Nilisikia moyo wangu ukikataa. Lakini niliogopa kuonekana mutu anayemuzimisha Roho, nikainamisha kichwa, nikasema Amina.

Kijana alikaa siku tatu katika lupango ya kanisa bila chakula. Waliita hiyo kufunga. Siku ya tatu alikubali yote aliyoulizwa: ndiyo, nilikula nyama ya usiku, ndiyo, tuliruka. Watu wakashangilia. Siku ya ine bibi yake akafika kutoka mugini, miguu imejaa vumbi, akamubeba mugongoni. Akanigeukia, akasema, "Baba muchungaji, ninyi mulikuwa mukitafuta mulozi. Mimi nilikuwa nikitafuta mujukuu wangu." Akaenda.

Mwaka uliofuata, katika nyumba ile ile, mutoto mwingine akafa, na kijana alikuwa mbali kule mugini. Wa tatu alipougua, mwishowe wakampeleka hospitali, wakapima damu. Ilikuwa SS. Dokta akaeleza: baba anabeba nusu ya ugonjwa, mama anabeba nusu, wao wenyewe ni wazima, lakini kila mimba yao ina nafasi moja katika ine ya kuzaa mutoto mugonjwa. Kijana yule alizaliwa na mama mwingine. Hakuwa na neno lolote katika vifo vile.

Leo ni mutu muzima. Tulikutana kituoni, akanisalimu kwa heshima, akaniita baba. Sikujua niweke macho yangu wapi. Ndugu, ninaungama mbele yenu: Amina niliyoisema siku ile ilikuwa uongo, na niliisema mbele ya Mungu.

Maneno munayotujibu

Muna maneno ya kujibu, na ni haki yenu. Tuyaangalie moja moja.

Wa kwanza anasema: "Mutoto mwenyewe alikiri." Ndugu, mufungie mutu muzima siku tatu bila chakula, umutie pilipili machoni, umuahidi bukari akisema ndiyo, halafu utuambie atasema nini. Mutoto anajibu kile ambacho mukubwa anataka kusikia. Na mutoto mwenye njaa akiota nyama, ni njaa inayoota.

Wa pili anasema: "Torati, katika Kutoka 22, haimuachi mulozi aishi." Ndiyo, imeandikwa. Lakini Torati hiyo hiyo, katika Kumbukumbu 19, inakataza kumuhukumu mutu kwa mudomo wa shahidi mumoja, na inaamuru shahidi wa uongo apewe azabu ile aliyotaka ndugu yake apewe. Katika sura ya 18 ya kitabu hicho, nabii anayesema kwa jina la Mungu neno ambalo Mungu hakumuagiza anajiletea hukumu. Unayebeba mustari mumoja, beba na ile mingine. Halafu njoo mbele ya Kristo, aliyemuweka mutoto katikati ya wakubwa, akasema habari ya jiwe la kusagia na shingo ya mutu anayewakosesha wadogo (Matayo 18).

Wa tatu anasema: "Lazima kuna mwenye kosa, mateso hayaji bure." Wanafunzi walisema vile vile mbele ya mutu aliyezaliwa kipofu, wakiuliza kama alikosa yeye ao wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili (Yoane 9). Na nabii Ezekieli, sura ya 18, alikwisha kuwakataza watu kumubebesha mwana muzigo wa zambi ya baba. Ninyi munambebesha hata njaa ya baba.

Wa ine anasema: "Basi munakana kwamba ulozi upo? Mumekuwa wazungu?" Hatukani kwamba Shetani yupo, wala hatuachi kuombea wagonjwa. Tunakana neno moja: kwamba Kristo alimupa mutu yeyote kazi ya kumutaja mutoto kuwa mulozi. Tafuteni katika Injili ine. Hamutapata.

Wa tano, ni muonaji wetu, anasema: "Munataka kuzimisha Roho." Mutume Paulo alipowaonya Watesalonika wasizarau unabii, mara ile ile aliwaagiza wapime yote na kushika lililo jema. Roho hamuogopi mutu anayepima. Anayeogopa kipimo ni mutu ambaye sadaka yake iko hatarini. Na tuseme wazi: kuna mahali familia zinalipa feza, mbuzi na vitambaa ili mutoto "afunguliwe". Mahali pa namna hiyo hapawezi kukosa walozi, maana walozi ndio mushahara.

Juu ya sheria ya inchi

Wengine wanasema kwamba sheria inayokataza mambo haya ililetwa na ONG za wageni, na kwamba Serkali isiingie katika kanisa. Someni wenyewe. Katiba ya inchi yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwaacha na kuwatesa watoto, na inataja kwa jina lake kosa la kuwashitaki ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, katika kifungu cha 160, inamupa mutu anayemusingizia mutoto ulozi kwa kusudi baya kifungo cha mwaka mumoja hata mitatu, na kulipa franka za Kongo 200.000 hata 1.000.000.

Serkali ikikataza tusiombe, tutaomba. Lakini ikikataza tusimutese mutoto, imesema kile ambacho sisi tulipaswa kukisema kabla yake. Ni haya kwetu kwamba tulingoja polisi watufundishe Matayo 18.

Tena sisi, watu wa makanisa yaliyozaliwa na manabii wa inchi hii, tunajua uchungu wa kushitakiwa. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri Nkamba, akiwaambia watu watupe masanamu ya uganga. Wakubwa wa ukoloni walimukamata, wakamuhukumu kifo, halafu mufalme akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani hata kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Watoto wake watatu walikuwa wadogo alipokamatwa. Walikua bila baba, kwa sababu wenye nguvu walimusingizia. Je, sisi tunaoheshimu mateso yale tutafanya watoto wengine wakue bila baba, na kwa kinywa cha nabii?

Musimamo wetu

Kwa hiyo, tangu kusomwa kwa maneno haya katika parokia zote:

1. Hakuna muonaji, nabii, muchungaji ao muzee atakayemutaja mutoto kuwa mulozi, mbele ya watu ao kwa siri. Atakayefanya hivyo atasimama na huduma yake itaondolewa.

2. Hakuna mutoto atakayefungishwa chakula, kufungwa kamba, kupigwa wala kulazwa katika nyumba ya maombi kwa sababu hiyo.

3. Mutoto mugonjwa ataombewa, na siku ile ile atapelekwa hospitali. Kifafa, malaria, damu ya SS na ukimwi vina wanganga na dawa. Maombi hayagombani na dawa.

4. Wazazi wanaotaka kumufukuza mutoto watatembelewa na wazee wawili na mama wawili, na wataulizwa kwanza: munakula nini? Kapu la parokia litafunguliwa kwa ajili yao.

5. Mutoto aliyekwisha kufukuzwa, tutamutafuta. Muchungaji ataenda kwa miguu yake mwenyewe, naye atamurudisha nyumbani akimushika mukono.

Ndugu, jumapili hii mukirudi, hesabuni watoto katika lupango zenu. Kama mumoja amepunguka, na munajua sababu, musile kwanza. Simameni, mwende kituoni.

Mungu wa mababu zetu, aliyemusikia mutoto Ishmaeli akilia jangwani, atufungue masikio. Amina.