Karamu ya Babette na Tangawizi ya Mama

Mwaka 1987 Gabriel Axel alitoa filamu ya Denmark, Babettes gæstebud, kutokana na hadithi ya Karen Blixen, yule mama aliyelima kahawa karibu na Ngong. Babette, mpishi mkimbizi kutoka Ufaransa, anashinda bahati nasibu, faranga 10,000, anazimaliza zote kwa mlo mmoja. Wageni wake ni Walutheri wa kijijini waliokubaliana wasiseme neno lolote juu ya chakula.

Niliiangalia nikiwa Same, nikacheka. Jamani, hawa si Wapare? Sisi tunaotaniwa nchi nzima kwa ubahili!

Halafu nikanyamaza. Nilipomaliza chuo, mama aliuza tangawizi yake yote kule Mamba, akachinja, akalisha kitongoji kizima. Nilimlaumu: si bora angeezeka nyumba?

“Mwanangu,” akasema, “hawa ndio waliochangia ada yako.”

Nilidhani kutunza ni kutokutoa. Kumbe bahili na mtunzaji wanafanana siku zote isipokuwa moja: siku ya kutoa. Siku hiyo bahili hana pa kujificha.

Bati la mama bado linavuja. Safari hii ni zamu yangu.