Shibolethi ya Vivukoni



Fungueni Kitabu cha Waamuzi, msome aya tatu za mwanzo za mlango wa 8, kisha aya sita za mwanzo za mlango wa 12. Ni ugomvi mmoja uliotokea mara mbili. Watu wa Efraimu wanalalamika kwamba hawakuitwa vitani. Maana yake hasa, hawakupewa sehemu yao ya heshima. Gideoni aliposikia akajishusha, akaisifu kazi yao kuliko yake mwenyewe, na hasira yao ikapoa. Yeftha akaletewa lalamiko lile lile, naye akalijibu kwa upanga. Watu wa Gileadi wakavishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka akaambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Aliyelitamka kwa ulimi wa Efraimu akauawa papo hapo. Wakafa 42,000, na wote ni wana wa Israeli.

Tusiseme kwamba hayo ni ya kale. Katika Kenya watu walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa siku ya tatu, fujo ikaenea. Njia zikafungwa kwa mawe na magogo, msafiri akatakiwa atoe kipande chake, na jina lililoandikwa humo likatosha kumhukumu kuwa ni wa kabila gani. Je, hiki si kivuko cha Yordani? Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani wakachomwa moto humo humo, wengi wao wanawake na watoto. Hata ghasia zilipotulia, waliokufa walikuwa zaidi ya 1,100.

Mungu akaleta wapatanishi. Bwana Kofi Annan wa Ghana, pamoja na Mama Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa, wakakaa Nairobi na pande zote mbili, na tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano: mmoja abaki Rais, mwingine awe Waziri Mkuu, na mawaziri watoke pande zote. Hiyo ndiyo serikali ya mseto. Wako walioicheka kwa kuwa ilikuwa na mawaziri 40, wakasema ni gharama kubwa. Ni gharama kweli. Lakini mimi siwezi kuicheka, maana jibu la Gideoni lina gharama siku zote, nayo ni ndogo kuliko ya makaburi.

Hata hivyo angalieni: Efraimu aliyetulizwa na Gideoni ndiye aliyemrudia Yeftha kwa neno lile lile. Hasira ilipoa, mzizi ulibaki. Mseto waweza kuwa watu wa makabila mengi wakifanya kazi moja. Waweza pia kuwa wakubwa wa makabila wakigawana chungu, kila mmoja akiwapelekea wa kwao. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti. Mtafute mjane ambaye kabila lake halina waziri, uone kama atasikilizwa ofisini. Mitume walipimwa kwa jambo hilo hilo katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahauliwa. Wakachaguliwa watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani.

Mwezi ule wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa Kanisa walikuwa wameegemea pande. Nami sina budi kukiri langu. Katika usharika mmoja niliotumikia tulichagua wazee wa kanisa. Usiku wa kuamkia siku ile watu wa kabila kubwa walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakapanga majina yote tisa. Nilijua. Walikuwa watu wa kwetu, nikanyamaza, nikisema moyoni kwamba wao ndio wengi. Jumapili iliyofuata akina mama wa kabila dogo, waliozoea kukaa mbele upande wa kushoto, hawakuja.

Nikaenda kwao. Bibi mmoja mzee akanikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza kwa lugha yangu, siyo yake, "Baba Mchungaji, umekuja kutuhesabu, au umekuja kutuita?" Sikuwa na jibu.

Baada ya miezi miwili tulirudia uchaguzi. Wajukuu wake wawili wamo barazani hata leo, na mara nyingi hawakubaliani nasi.