Kitabu cha Fundi ni Amana

Kuna swali ambalo sisi wahandisi hatulizungumzi sana, pengine kwa kuwa tunaliona ni la wanafalsafa. Mtu akikiamini kitabu, akatengeneza kitu kwa kukifuata, kisha kazi ile ikamdhuru yeye au mwenzake, lawama ni ya nani? Ni ya aliyekiandika kitabu, ya fundi, au ya yule aliyempa fundi kitabu kile?

Tunaliuliza kwa sababu baadhi ya wenzetu hapa Uingereza, hasa waliostaafu na wanaokaribia kustaafu, wamejitengenezea karakana ndogo nyuma ya nyumba zao. Utakuta jiliwa, keekee ya kusimama, mashine ya kuchomelea, na kwa aliyejaliwa, kerezo dogo. Wakikutana na sisi hawaulizi sana habari za mashine. Huuliza: tununue vitabu gani?

Jibu jepesi ni kutaja majina, nasi tutayataja. Lakini kwanza tufahamu kwamba kitabu cha ufundi ni shahidi, na mashahidi hawaaminiwi wote kwa kipimo kimoja.

Kuna vitabu vya namba. Mkubwa wao ni Machinery's Handbook, kilichotoka mara ya kwanza New York mwaka 1914 na ambacho hadi leo kinachapishwa upya. Sasa kina kurasa zaidi ya 2,000. Hakisomwi toka mwanzo hadi mwisho. Hufunguliwa kama kamusi, mtu akachukua alichotaka akakirudisha rafuni. Kwa karakana ya nyumbani si lazima kununua toleo jipya. Toleo la miaka thelathini iliyopita, lililokwisha kupita mikononi mwa watu, litakufaa vilevile, maana tundu la kukatia hesi ya M8 lilikuwa milimita 6.8 wakati ule na ni 6.8 leo. Tena namba hujitetea yenyewe. Hesi ya M8 ina hatua ya milimita 1.25, toa 1.25 katika 8, utapata 6.75, na biti ya dukani iliyo karibu ni hiyo 6.8. Shahidi wa namna hii unaweza kumhoji kwa kalamu tu, na akisema uongo utamkamata.

Hapa Uingereza jedwali la namba lina faida nyingine. Mashine kuukuu zinazouzwa kwa bei nafuu zina hesi za Whitworth, zilizopangwa mwaka 1841, zenye pembe ya nyuzi 55. Hesi za milimita na za Kimarekani zina nyuzi 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika inchi moja. Ya Kimarekani ya kawaida ina 13. Nati ya hii ukiitia katika ile itaanza kuingia, kisha ikwame. Mwenye jedwali atasimama hapo. Asiye nalo ataongeza nguvu ya spana, na meno yatachunika.

Aina ya pili ni vitabu vya mkono. Mfano mzuri ni The Amateur's Lathe cha Lawrence Sparey, cha mwaka 1948, ambacho wenye makerezo madogo wanakipenda hadi sasa. Humo mtu hujifunza namna ya kunoa kisu, kukiweka katika kimo sawa na kitovu cha kazi, na kufunga kipande chenye umbo gumu. Shahidi huyu humhakiki kwa kalamu. Unamhakiki kwa chuma chenyewe, polepole, kwa kipande ambacho kikiharibika hakitakupa hasara.

Wapo wasemao kwamba ufundi haufundishwi na kitabu. Wahunzi wetu wa zamani walijua joto la chuma kwa rangi yake, na mwanagenzi alivuta mivukuto muda mrefu kabla ya kukabidhiwa nyundo. Hoja hii ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kitabu hakimpi mtu mkono, ila huuambia mkono uangalie nini. Na mwalimu wa mdomo naye ana kasoro yake: anaweza kuficha. Mafundi wangapi wamezikwa na siri zao kwa kuogopa kwamba kijana atawapokonya wateja? Kitabu hakina wivu huo.

Aina ya tatu si kitabu kamili, bali ni sura iliyomo ndani ya vitabu vyote: habari za hatari. Hapa ndipo shahidi mkweli wa jana anapogeuka shahidi wa uongo bila ya kubadilisha neno hata moja. Vitabu vya zamani vinamwambia fundi aweke kipande juu ya ubao wa asbesto anapokilehemu. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa nchini humu mwaka 1999. Vinasifu lehemu ya fedha iliyochanganywa kadimi kwa sababu inatiririka vizuri; moshi wake ni sumu ya mapafu, na kuuzwa kwake kulikatazwa katika nchi za Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2011. Kuhusu kuchomelea chuma cha kawaida, vingi vinatosheka na dirisha lililo wazi. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha maradhi hayo, na mwaka 2019 wakaguzi wa usalama kazini wa Uingereza wakatangaza kwamba hewa ya dirishani haitoshi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwandishi wa mwaka 1948 aliandika kwa nia safi yale yaliyojulikana zama zake. Fundi aliyekisoma kitabu hakuwa na njia ya kujua kwamba mambo yamebadilika. Anayebaki ni yule aliyejua akanyamaza, na mara nyingi huyo ni sisi.

Tunasema hivyo kwa sababu ya makontena. Tunapotuma mizigo nyumbani, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, hujaza nafasi iliyobaki kwa vitabu vya ufundi tulivyovichoka, tukisema vitamfaa kijana wa jua kali au wa Gerezani. Vile ambavyo hatumpi mtoto wetu avifuate, tunampa mtoto wa mwenzetu, na tunaiita sadaka.

Ndugu msomaji atasema: bora nusu shari kuliko shari kamili, na kitabu kikuukuu ni bora kuliko kukosa kitabu. Kwa namba, tunakubali. Kwa habari za hatari, hapana. Asiyejua hubaki na wasiwasi, na mwenye wasiwasi huuliza. Aliyeruhusiwa na kitabu haulizi tena.

Hatusemi vitabu vichomwe, wala visitumwe. Tunasema kazi ya kuchagua haiishi tunapolipa dukani. Karakana ya nyumbani inatosheka na vitabu vitatu: kimoja cha namba, hata kama ni cha zamani, kimoja cha mkono, kinacholingana na mashine uliyonayo, na kimoja cha usalama, ambacho hiki lazima kiwe kipya. Kabla ya kununua, tazama mwaka wa kuchapwa. Na kabla ya kutuma, kaa nacho jioni moja, bandika karatasi katika jalada la ndani, uandike kwa Kiswahili: ukurasa huu usifuatwe, na sababu yake ni hii.

Karatasi hiyo hawezi kuiandika mwandishi wa zamani, wala kijana anayekisubiri kitabu. Anaweza kuiandika anayezijua lugha zote mbili na aliyezisoma kanuni mpya. Kwa bahati, au kwa majaaliwa, watu hao ni sisi.